Kwa Magurudumu ya Mbele Tu

Mlio ulianza kabla hawajafika hata katikati ya uwanda. Tik, tik, tik, kama mtu aliyefungiwa chini ya sakafu ya kabini anagonga kwa ukucha akiomba kufunguliwa. Fundi aliusikia kwanza kwa nyayo, halafu kwa masikio. Akamtupia jicho babamkwe wake. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, kiwiko cha pili kiko dirishani, na mguu wake umezama kwenye pedali ya mafuta kana kwamba uwanda mzima ulikuwa umefagiliwa kwa ajili yake.

"Baba, unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Huku chini. Kuna kitu kinagonga."

"Mawe hayo, mkwe. Njia ya mawe, ulitaka igonge nini?"

Fundi akanyamaza, lakini masikio yake hayakunyamaza. Mtaani kwao walimwita hivyo tu, Fundi, hata watoto wadogo, kwa sababu gereji ya pale ilikuwa yake na mumewe na mikono yake haikuwahi kutakata grisi tangu alipoolewa. Pikapu hii waliijenga upya wao wawili kwa ajili ya kazi ya kuchimba visima: springi za nyuma waliziongeza majani, matairi makubwa yenye meno, difu ya nyuma, kile kichwa cha gia katikati ya ekseli, wakaifunga ili magurudumu yote mawili yavute kwa pamoja hata kwenye mchanga. Gari likainuka likawa refu kama farasi. Lakini ukiinua gari, propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi difu ya nyuma, unalala kwa mwinamo mkali. Na krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha zake, kinalazimika kujikunja kupita kiasi kila kinapozunguka.

Dawa yake Fundi aliijua. Kabari mbili za chuma, zikae kati ya springi na ekseli, ziigeuze pua ya difu itazame juu. Kabari zilikuwa bado kwa mchonga vyuma wakati redio ilipoita kutoka kambi ya wachimbaji. Alikuwa mumewe. Pampu ya kambi imekufa, kichwa chake kimepasuka. Maji yaliyobaki ni ya chini ya tangi. Lori la kambi limekwenda upande wa pili wa milima na halijulikani litarudi lini. Leteni kichwa kingine, na maji, upesi.

Kesho yake asubuhi walipakia kichwa cha pampu kwenye sanduku la mbao, mapipa mawili ya maji, na dumu moja kabini. Mzee akasema ataendesha yeye. Aliendesha malori makubwa maisha yake yote, na aliyekuwa anasubiri maji kule alikuwa mwanawe. Nani angembishia?

Kwenye kivuli chembamba cha jabali waliposimama kujisaidia, Fundi alitambaa chini ya gari bila kuomba ruhusa. Aligusa krosi ya mbele ya propela ya nyuma, akauondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Kuzunguka kikombe kimoja cha beringi palikuwa na unga mwekundu, mwembamba kama pilipili ya kusaga. Chuma kilikuwa kinajila. Alibandika bomba la grisi, akapiga. Grisi ikatokeza kwenye vikombe vitatu. Cha nne hakikupitisha kitu.

Alitoka akijifuta vumbi magotini. "Baba, hii propela tuitoe hapa hapa. Tufunge habu, zile kufuli za vitovu vya magurudumu, twende kwa magurudumu ya mbele tu, polepole."

Mzee aliinama akachungulia, akasimama, akapangusa kipara chake. "Na huu mzigo nyuma? Mbele kuna korongo la mchanga. Magurudumu ya mbele peke yake hayatatupandisha na mapipa mawili mgongoni. Tutakwama mle, na wale kule watakauka."

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Alikuwa na hoja, lakini Fundi alijua. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni: Baba, hii haifiki. Angekuwa mteja angemwambia na kumnyang'anya ufunguo. Lakini huyu alikuwa baba wa mumewe, mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa alimpakulia chakula kwanza na kumsalimu kwa kupiga goti.

"Basi tusikanyage sana," akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe ndiye fundi, mkwe. Mimi ndiye dereva."

Wakaingia.

*

Korongo lilikuwa pana na kavu, mchanga mweupe chini, kingo za udongo mgumu uliochanikachanika. Kuteremka waliteremka vizuri. Mzee alivuka mchanga kwa ustadi mkubwa, haendi mbio wala hasimami, na kwa muda mfupi Fundi alijiambia labda masikio yake ndiyo mabaya. Kisha ukingo wa pili ukasimama mbele yao na mzee akakanyaga mafuta hadi chini.

Ukalia mshindo ambao Fundi aliusikia kwenye meno. Krosi ilikatika. Ncha ya propela iliyokuwa imeshikwa nayo ilichomoka, ikadondoka, ikajikita kwenye udongo, na gari zima likanyanyuka nyuma likasimama juu ya ule mhimili kama mtu anayeruka kwa upondo. Fundi aliona anga mahali palipokuwa na njia. Halafu gari likatua, likarudi nyuma likiserereka, na propela ikapiga sakafu mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ikaingia ndani. Kamba za mapipa zilikatika kwa mlio mkali. Wakagonga mawe chini ya ukingo, na kila kitu kikatulia isipokuwa sauti moja.

Sauti ya maji.

Aliruka nje kabla vumbi halijatua. Pipa moja lilikuwa limepasuka kwa urefu wake wote. La pili lilikuwa linaviringika bila kifuniko, likitapika kila linapogeuka. Alilikimbilia, akalikumbatia, akalisimamisha kwa goti na bega huku akipiga kelele bila kujua anasema nini. Lilipotulia lilikuwa jepesi. Mbele ya macho yake mchanga ulikuwa unakunywa. Palipokuwa na dimbwi pakawa na doa, na doa likaanza kupauka.

"Mkwe," mzee aliita. Hakuita kwa nguvu, na hilo lilimtisha kuliko angepiga ukunga.

Sakafu ya kabini ilikuwa imefunguka kama kopo lililofunguliwa kwa kisu butu. Ncha ya propela ilikuwa imempata mzee kwenye mguu wa kushoto, mguu wa klachi, chini ya goti. Suruali ilikuwa imeingia ndani ya nyama. Mguu ulielekea mahali ambapo miguu haielekei.

Fundi alikata tyubu ya akiba, akaifunga juu ya goti, akakaza kwa bisibisi hadi damu ikapunguza kasi. Alibomoa sanduku la pampu, akachukua mbao mbili, akaunyoosha mguu. Mzee alishika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele moja kwa moja, kama anayeendesha. Jasho lilimtiririka kidevuni likadondoka, na Fundi akajikuta anafikiria kwamba hata hilo ni maji.

"Umevunjika?" mzee aliuliza mwisho.

"Umevunjika, Baba."

"Na yale mapipa?"

"Kuna kidogo kwenye moja. Nitayatia kwenye dumu letu."

Mzee akafumba macho. "Niambie gari."

Alikuwa ameshalikagua. Propela ilipochomoka iliacha tundu nyuma ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, na oili yake ilikuwa inadondoka. Alichukua kikombe chao cha bati, akakivisha kwenye lile tundu kama kofia, akakizungushia mpira wa tyubu na kukikaza kwa waya. Ndani ya kikombe ncha ya mhimili wa giaboksi ingezunguka bila kugusa kitu. Akaongeza oili kutoka kwenye kopo la akiba hadi kopo likatoa tone la mwisho. Propela iliyovunjika aliifungua kutoka kwenye difu na kuitupa nyuma. Moyo haukumpa kuiacha.

Akafunga habu za mbele, akamsogeza mzee kiti cha pili, akawasha. Magurudumu ya mbele yalishika, yakavuta, yakapanda hatua chache za ukingo, kisha yakaanza kuchimba. Uzito wote ulikuwa umeangukia nyuma. Akajaribu tena. Tena. Kwenye jaribio lililofuata aliupiga usukani kwa ngumi.

Mzee, ambaye Fundi alidhani amezimia, akafungua jicho moja. "Geuza."

"Turudi?"

"Geuza gari. Panda kinyumenyume. Magurudumu yanayovuta yawe chini, mzigo uyakandamize."

Alimtazama. Kisha akageuza. Alipanda ukingo ule kwa rivasi, shingo imegeuka hadi ikamuuma, injini ikilia, mzee anakunja uso kila jiwe. Gari likafika juu likiwa limegeuzia matako kule wanakokwenda. Hakuna aliyeshangilia.

Alimimina maji kwenye kifuniko cha dumu. "Kunywa, Baba."

"Kunywa wewe. Wewe ndiye unayefanya kazi."

"Kunywa." Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Damu imetoka nyingi. Usiponywa utanifia humu ndani, na mimi nitamwambia nini mwanao? Sikuombi, Baba. Nakwambia."

Mzee akanywa.

*

Upepo uliwakuta alasiri. Kwanza milima miwili myeusi waliyokuwa wanailenga ikawa ya kahawia, halafu ikatoweka. Ukuta wa vumbi ulikuja ukitambaa chini kama moshi wa taka, na ulipowafikia mchana ukawa rangi ya kutu. Fundi alizima gari. Injini ikimeza vumbi lile, ingekuwa mwisho wao. Vumbi likaingia kwa lile tundu la sakafuni likifoka kama birika. Akavua koti la ovaroli akalisokomeza humo.

Walikaa hivyo hadi kukachwa, na usiku wote. Homa ilimpanda mzee. Aliongea na mwanawe akidhani bado ni mtoto, akamkataza kuchezea kisima cha jirani. "Toka hapo, utatumbukia," alirudia, "toka hapo," na mara moja alinyoosha mkono kana kwamba anamshika mtu shati. Fundi aliushika ule mkono. Ulikuwa unawaka.

Kulipopambazuka, uwanda ulikuwa umefutwa. Hapakuwa na njia wala alama ya tairi, wala milima. Ukungu wa vumbi ulikuwa umening'inia pande zote, na jua ndani yake kama sarafu iliyochakaa. Fundi alilipa jua bega lake la kulia, akaanza kwenda kaskazini, kambi iliko, kwa kukisia, gia ya pili, kasi ya mtu anayekimbia kidogo.

Na chini yake, mbele safari hii, tik.

Mwanzoni alijifanya hakusikia. Kisha, tik, tik. Akasimamisha.

"Usinifiche," mzee alisema. Homa ilikuwa imempa nafasi kidogo.

"Krosi ya propela ya mbele. Haikuumbwa kuvuta gari peke yake. Imechoka."

"Itafika?"

Aliiangalia ile sura yenye vumbi, midomo imepasuka kama ule udongo wa korongo. Safari hii hakumeza neno.

"Haifiki, Baba. Ikikatika tukiwa mbali hivi, tumekwisha."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Ile propela uliyoitupa nyuma. Ncha yake ya pili je?"

Fundi alikuwa ameshaanza kushuka.

Krosi ya ncha ya pili ilikuwa nzima. Ilichubuka, lakini ilizunguka, na ilikuwa ya saizi ileile. Kuitoa gereji, kwa jiliwa la kubania chuma na nyundo nzuri, ni kazi ya kupiga mluzi. Hapa hapakuwa na jiliwa. Alitumia jiwe bapa, soketi mbili na nyundo iliyolegea mpini. Aling'oa klipu, akagonga vikombe vikatoka kimoja kimoja. Ndani ya kila kikombe sindano nyembamba za chuma zimejipanga duara, ndizo beringi yenyewe. Moja ikipotea, kikombe hicho hakifai kitu.

Alikuwa amemlaza mzee kwenye kivuli cha gari, mgongo kwenye tairi. Akatandaza kitambaa chake cha kichwa kwenye mapaja ya mzee. "Shika pembe. Kila kitu kitapita juu ya hiki. Usitikisike."

"Natikisika kwa homa, si kwa kupenda."

"Basi tikisika taratibu."

Kona ya mdomo wa mzee ikapanda kidogo.

Jua lilipenya ukungu likawachoma. Kila pigo la nyundo lilimrudia Fundi kwenye mabega na kichwani, na kati ya pigo na pigo alisikia damu yake ikigonga masikioni. Kiu ilikuwa imehama kooni ikakaa kwenye ulimi, ulimi mnene kama kipande cha ngozi. Kikombe cha mwisho kilipotoka kilitoka kwa kuruka. Sindano zikamwagika kwenye kitambaa. Fundi alizipanga kwa ncha ya kidole, akahesabu, akahesabu tena.

"Imepungua moja."

Hakuna aliyesogea. Upepo mdogo ulipita ukainua ukingo wa kitambaa, na mzee akaukandamiza kwa kiwiko. Fundi alichungulia mchanga kati ya magoti yao. Mchanga wote ulikuwa unameta.

"Usiguse," mzee alisema. "Ukipapasa utaizika." Aliinamisha kichwa hadi mguu ukamfanya agune, akakaza macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akachovya kidole kwenye grisi iliyobaki mkononi mwa Fundi, akakishusha kwa mkono ambao ghafla haukuwa na homa, akagusa chini kando ya mbao ya mguu wake. Kidole kilipoinuka, sindano ilikuwa imenata.

Fundi alitaka kumbusu. Akaipokea tu, akaipachika na wenzake ndani ya grisi, akaendelea. Alipoikaza nati ya mwisho kwenye propela ya mbele, viganja vyake viliacha alama za damu kwenye spana. Aligawa maji, kifuniko kwa kifuniko. Dumu lilipotikiswa lilitoa sauti ya kitu kilicho mbali.

Gari likaondoka. Chini yake palikuwa kimya.

*

Waliuona mnara wa mtambo wa kuchimbia alasiri, wima na mwembamba, upande ambao Fundi hakuutarajia. Alikuwa amepotea mashariki kidogo tu. Alipiga honi hadi mkono ukachoka. Watu walitoka chini ya turubai wakiyumba, na mpishi wa kambi, mwanamke mnene mwenye aproni, akaja mbele ya wote. Wachimbaji wakakidaka kichwa cha pampu bila hata salamu.

Fundi alitafuta uso mmoja kati ya nyuso zile.

"Yuko wapi?"

Mpishi akatazama njia. "Hamkukutana naye?"

"Nani?"

"Mumeo. Upepo ulipotulia alfajiri alisema mmekwama korongoni. Akachukua kidumu kidogo akatoka kwa miguu kuwafuata. Tulimkataza. Hakusikia. Huwa hasikii."

Njia. Wao hawakupita njiani. Yeye alikuwa ameifuata ya zamani, iliyofutwa, na wao walikuwa wamempita kwa mbali ndani ya ukungu, labda wakati ule ule wanahangaika na sindano.

"Mshusheni mzee," mtu alisema, na mikono ikamwendea babamkwe. Mzee akashika mlango kwa ndani.

"Niacheni. Mkwe, washa gari."

"Baba, huo mguu..."

"Mguu hauendi popote. Washa gari."

Mpishi aliwatupia chupa ya maji, yaliyokuwa ya mwisho kambini, na hakuna mchimbaji aliyepinga. Pikapu ikageuka.

Upepo uliofuta njia ulikuwa umefanya wema mmoja. Ardhi ilikuwa tupu kama karatasi, na juu yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Mwanzoni zilikwenda sawasawa, ndefu, za mtu mwenye uhakika. Fundi alizifuata kichwa kikiwa nje ya dirisha. Kisha hatua zikafupika. Zikaanza kuvuta kushoto, zikaiacha njia bila kujua. Walipita shati, limeachwa juu ya jiwe. Mbele kidogo kidumu, kimelala, kinywa wazi. Mzee alikiangalia kikipita, akageuza uso.

Kwenye eneo la udongo mgumu nyayo zikatoweka kabisa. Fundi alisimama juu ya bodi akazunguka macho. Kimya. Joto lilikuwa linapanda toka ardhini likitetemesha kila kitu, na hapakuwa na kitu. Aliliita jina la mumewe mara moja, sauti ikakatika kama uzi.

"Zunguka ukingo wa ugumu," mzee alisema kutoka ndani. "Pale mchanga unapoanza tena. Lazima alitokea mahali."

Walizunguka. Jua lilikuwa linateremka na vivuli vya mawe vimerefuka, na katika mwanga huo wa kulala hata ukucha ungeacha alama. Mzee ndiye aliyeona. Hazikuwa nyayo tena. Yalikuwa magoti na viganja.

Walimkuta nyuma ya kichaka kikavu kisichotosha kumfunika hata kifua. Alikuwa amejichimbia mchanga kwa mikono akaingia hadi kiunoni. Alikuwa kifua wazi, ngozi imebabuka. Macho yalikuwa wazi. Fundi alipomwinua kichwa, macho yalichelewa kumfikia, kisha yakamfikia.

Alimpa maji kwa kitambaa, tone kwa tone. Alimpiga kofi jepesi alipotaka kuvuta chupa. Ilipita muda kabla hajapata sauti.

"Mmekuja," alisema. Halafu akauona mguu wa baba yake kupitia mlango uliofunguka, ubao na damu iliyokauka. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Huyo," mzee alijibu. "Mimi nilikuwa utingo wake."

*

Waliporudi kambini pampu ilikuwa inanguruma. Maji yalitoka kwanza kama uji wa udongo, yakakohoa, yakatoka kahawia, kisha yakatoka maji. Watu waliyapokea kwa masufuria, kwa kofia, kwa viganja. Fundi hakushuka. Alikuwa anawatazama kupitia kioo na hakuelewa kwa nini hashuki, mpaka mpishi alipokuja akaona vidole vyake vimekaza kwenye usukani, akavifungua kimoja kimoja kama anayemvua mtoto aliyelala kiatu.

Lori la kambi lilifika asubuhi iliyofuata. Madereva wake waliposikia habari walitandika magodoro nyuma wampeleke mzee hospitali. Mguu ule ulikuwa umeanza kunuka, na kila mtu, mzee akiwemo, alijua kwamba angerudi bila huo mguu. Walimpandisha akiwa amefunga macho. Mwanawe alikuwa kivulini, midomo imepakwa mafuta, hawezi hata kukaa.

Dereva wa lori aliwasha injini. Mzee akafungua macho.

"Zima."

"Mzee, tulia. Tunakuwahisha."

"Nimesema zima. Hatuondoki mpaka mwanangu aje asikilize hili gari."

Dereva alimtazama mwenzake kwa huruma. "Mwanao yuko pale kivulini, mzee. Hajiwezi."

"Simwiti huyo," mzee akasema.

Dereva alibaki ameshika ufunguo, haelewi. Lakini Fundi, aliyekuwa amesimama kando ya bodi na fundo la nguo za mgonjwa mkononi, alikuwa ameelewa. Aliliweka fundo chini. Alijifunga kitambaa kichwani, akalala chali kwenye vumbi, akajisukuma chini ya lori.